Tupeane uzoefu: Urefu wa kipa na safari ya kucheza soka la chuo Marekani

Mzazi wa Columbus (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naomba wenye uzoefu wao wenyewe, ama kwa kudaka ama kwa kulea kijana anayedaka, watusimulie yaliyowapata. Mwanangu ana miaka 16, yupo darasa la 11 hapa Ohio, na amekuwa golini tangu akiwa na miaka 9. Urefu wake, kwa alama tunazochora kwenye ukuta wa jikoni, bila viatu, ni mita 1.77, yaani kwa vipimo vya hapa hafiki hata futi 5 na inchi 10. Daktari alimpiga picha ya mifupa ya kiganja cha kushoto, akasema ukuaji uliobaki ni mdogo, labda sentimita moja au mbili.

Mwezi wa saba nilimpeleka kwenye kambi ya siku tatu ya chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu kati ya tatu za michezo ya vyuo hapa), kambi ambayo ada yake ilinifanya niahirishe kutengeneza gari. Siku ya mwisho kocha msaidizi alimwambia mbele yangu, kwa upole kabisa, kwamba anadaka vizuri kuliko wengi waliokuja, lakini wao makipa wao huanzia futi 6 na inchi 2. Tulisafiri saa mbili na nusu kurudi nyumbani bila kusemezana.

Siulizi kama mtu mfupi anaweza kudaka, maana hilo nimeliona kwa macho yangu. Ninachouliza ni mahali gani hasa urefu uliwakwamisha, katika ngazi ipi, na mlifanya nini baada ya hapo.

Kipa Mstaafu, Pennsylvania

Shikamoo mzee. Mimi nina mita 1.78, na nilikaa miaka minne katika timu ya chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu, mitatu kati yake nikiwa kipa namba moja. Nilipokuwa na umri wa mwanao nilituma barua pepe zipatazo sitini zenye video yangu. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza havikunijibu kabisa, isipokuwa kwa kunialika kwenye kambi za kulipia, na mwaliko wa namna hiyo hupelekwa kwa kila mwenye anwani. Kocha wa chuo nilichokwenda alikuja kunitazama mara mbili, mara ya pili mvua ikinyesha, na hakuwahi kuuliza nina futi ngapi.

Watu huidharau Divisheni ya Tatu kwa sababu hairuhusiwi kutoa ufadhili wa michezo. Ni kweli hairuhusiwi, lakini vyuo hivyo hutoa msaada kwa kuangalia alama za darasani na kipato cha familia, na kwetu sisi tuliofika kama wakimbizi msaada huo ulikuwa mkubwa kuliko nusu ya ufadhili ambayo rafiki yangu mshambuliaji aliipata Divisheni ya Pili.

Sasa nikujibu pale ulipouliza, urefu ulinikwamisha wapi. Haukunikwamisha kwenye mashuti. Ulinikwamisha kwenye kona na mipira mirefu ya kurusha, ambayo katika soka la vyuo ni silaha ya kila wiki. Kanuni zao za kubadilisha wachezaji ni za ukarimu kuliko za ligi tulizozoea kutazama, kwa hiyo dakika ya 70, wewe umechoka, huingizwa jitu lililopumzika ambalo kazi yake ni kusimama mbele ya kipa tu. Katika mechi yangu ya kwanza nilifungwa mabao mawili ya namna hiyo, yote nikiwa nimenyoosha mikono katikati ya migongo ya watu huku mpira ukipita juu ya vidole vyangu.

Kocha wa makipa hakunifundisha kuruka zaidi. Alinikataza jambo moja, kutoka nusu. Ukitoka, toka mpaka mwisho na upige mpira ngumi hata kama utaangukia watu. Ukibaki, baki mstarini na umwachie beki mpira wake. Tulikubaliana na mabeki kwamba mmoja wao kazi yake kwenye kona si kumkaba mtu yeyote bali kunisafishia njia, na neno la kumwita lilikuwa moja tu, ninalolitoa mapema, kwa sauti ya kukereketa koo. Msimu wa pili nilifungwa bao moja tu la kona. Ninalikumbuka mpaka leo kwa sababu nilitoka nusu.

Mama Kipa, Texas

Kwa upande wa mabinti hali inafanana, ila vizingiti viko chini kidogo. Goli ni lilelile, mita 7.32 kwa 2.44, hakuna aliyewapunguzia, lakini kwa kuwa washambuliaji nao si warefu kama wavulana, kipa wa mita 1.75 huonekana mrefu wa kutosha hata katika ngazi ya juu kabisa. Hope Solo aliyesoma University of Washington na Alyssa Naeher aliyesoma Penn State wote huorodheshwa kwa urefu huo, na wote wamechukua Kombe la Dunia. Sasa, binti yangu ana mita 1.68. Sentimita hizo saba zilitugharimu miaka miwili.

Alipomaliza sekondari hakupata chuo cha miaka minne kilichomtaka golini. Kimoja kilimtaka awe beki wa pembeni, naye akakataa akilia. Tukampeleka chuo cha miaka miwili kilicho karibu na nyumbani, kati ya vile vya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili. Nakiri niliona aibu kuwaambia ndugu zangu wa Tanga, kwa sababu wao walikwisha kusikia kwamba mtoto anakwenda chuo kikuu kwa mpira. Kumbe ndiyo njia iliyomfaa, maana alicheza karibu kila mechi, akapata video za mechi halisi badala ya zile za mazoezini, na alama zake zikapanda. Mwisho wa mwaka wa pili chuo cha Divisheni ya Pili kilimpigia chenyewe. Kocha wake wa sasa aliniambia kwamba kipa mwenye umri wa miaka 20 aliyekwisha kucheza mechi thelathini na kitu humpunguzia wasiwasi kuliko wa miaka 18 mwenye urefu tu.

Baba, nakuomba jambo moja. Usiruhusu mtoto akalie benchi miaka miwili kwa ajili ya jina la chuo.

Mpenzi wa Kabumbu, Ilala

Mimi sikusoma Marekani, ila mada hii imenikumbusha Juma Kaseja. Hakuwa mrefu hata kidogo, na ndiye aliyekuwa golini Simba ilipoitoa Zamalek kwa penalti kulekule Cairo mwaka 2003. Watu walisema hafai kwa kimo chake mpaka wakachoka.

Mzazi wa Columbus

Ahsante sana ndugu yangu wa Ilala, na mimi Kaseja ndiye niliyemtajia mwanangu usiku ule. Tatizo ni kwamba kocha wa Ohio hamjui Kaseja. Baadaye nikampata Nick Rimando, ambaye hakufikia mita 1.80, akadakia UCLA na kisha akacheza mechi zaidi ya 500 za MLS, ligi kuu ya Marekani, mpaka alipostaafu mwaka 2019. Kijana akanijibu, "Baba, unanitajia mmoja." Sikuwa na la kusema.

Mrefu wa Eldoret

Naomba nilete upande wa pili ili mada isielemee. Mimi nina mita 1.95 na nilipata ufadhili wa Divisheni ya Kwanza nikiwa nimedaka kwa miaka mitatu tu, kwa kuwa kabla ya hapo nilikuwa mchezaji wa voliboli. Kocha aliona video ya dakika nne. Nina hakika aliisimamisha kwenye sekunde ile ninaposhika mtambaa panya bila kuruka.

Nilikaa benchi misimu miwili mizima. Mashuti ya chini yalinipita chini ya mbavu kwa sababu mwili mrefu huchukua muda kufika ardhini kama hukufundishwa kukunja goti, na mpira wa kurudishiwa na beki ulinitia hofu kuliko penalti. Mbele yangu alikuwapo Mmarekani wa mita 1.83 ambaye hakuwa na cha ajabu, ila mpira ulimkuta daima yupo mahali sahihi. Nilicheza mwaka wa tatu alipohitimu, na nikacheza vizuri, lakini napenda wazazi waelewe kwamba urefu ulinipa nafasi ya kujifunza kwa gharama ya chuo, nafasi ambayo mfupi hapewi. Yeye lazima aje akiwa ameiva. Hiyo si haki, lakini ndivyo nilivyoiona nikiwa ndani.

Kocha wa Makipa, Louisville (mzaliwa wa Bukavu)

Nimesaidia kufundisha makipa wa chuo kwa misimu kadhaa, na ningependa wazazi wajue jinsi orodha zinavyochujwa. Kocha anapokea ujumbe mwingi kuliko anavyoweza kusoma. Kwa Divisheni ya Kwanza anaruhusiwa kuanza kuwasiliana na mchezaji tarehe 15 Juni baada ya darasa la 10, na kabla ya siku hiyo anakuwa tayari na majina. Kwa mshambuliaji au kiungo atafungua video kwanza, lakini kwa kipa jicho huangukia kwanza kwenye safu ya urefu, kwa sababu anahitaji kipa mmoja au pengine asimhitaji yeyote mwaka huo. Tangu mwaka 2025, vyuo vya Divisheni ya Kwanza vilivyoingia katika mapatano ya kuwalipa wanamichezo vimewekewa kikomo cha wachezaji 28 kwa timu ya soka. Nafasi ya kipa wa nne, ambayo zamani ilikuwa ya kijana anayesubiriwa akue, sasa inafikiriwa mara mbili.

Kocha hana chuki na wafupi. Anafanya hesabu ya hofu: akimchukua mrefu akashindwa, watu watasema kijana hakukomaa, akimchukua mfupi akafungwa kwa kichwa, watu watasema kocha hana macho.

Hata hivyo kuna hesabu nyingine ambayo kipa mfupi anaweza kuifanya. Mpira ukiwa katikati, mita 16.5 kutoka golini, kipa aliyesimama mstarini analinda mita 3.66 kila upande. Akisogea mbele mita 4, upana wa njia ya mpira pale aliposimama unapungua hadi takriban mita 5.55, yaani 2.77 kila upande. Amejipatia sentimita 89 bila kukua hata moja. Lakini lazima niseme na ubaya wake: kadiri anavyosogea ndivyo mpira wa kubetuliwa unavyopata anga nyuma yake, na mrefu husamehewa kosa la hatua moja ambalo mfupi hasamehewi. Ndiyo maana nikimpima kipa mfupi sitazami anavyoruka. Natazama miguu yake mpira ukiwa bado uko mbali, kama inahama pamoja na mpira au inasubiri shuti.

Na mpime upana wa mikono yake, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Nimewahi kuwa na kijana wa mita 1.80 mwenye upana wa 1.91, na jambo hilo halikuandikwa popote katika wasifu wake mpaka nilipolipima mimi.

Aliyewahi Kuongeza Inchi

Nitakuwa mfupi, kama nilivyo. Nina mita 1.76 na niliandika futi 6. Karatasi za timu nyingi za vyuo zina inchi moja au mbili za hisani, kwa hiyo nilijiona sijatenda kosa. Nikaalikwa kutembelea chuo kimoja, nikavaa viatu vyenye soli nene, na kocha akanipokea mlangoni, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, kisha akatazama saa yake. Matembezi yaliyopangwa siku nzima yalikwisha kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi binadamu huwa mrefu kwa takriban sentimita moja kuliko jioni, basi mtu akitaka kujipendelea ajipime akitoka kitandani na aishie hapo.

Mzazi wa Columbus

Nimesoma kila neno, na jana nilimsomea kijana. Alicheka sana kwa ya viatu. Kisha tukachukua futi ya fundi cherehani ya mama yake tukampima mikono, tukapata mita 1.86, ambayo sikuwa nimewahi kuifikiria. Ameandika upya wasifu wake akiweka mita 1.77 na upana wa mikono pembeni yake, na kwenye video ameondoa zile za kuruka na kudaka kwa madoido, akaweka dakika sita za kona na krosi kutoka mechi za msimu uliopita, zikiwamo mbili alizofungwa. Nilimshauri azitoe hizo mbili. Alikataa, akasema kocha ataziuliza tu.

Ametengeneza orodha ya vyuo 18: vinane vya Divisheni ya Tatu, sita vya Divisheni ya Pili, viwili vya miaka miwili, na viwili vya Divisheni ya Kwanza ambavyo makipa wao wawili wanahitimu mwaka atakaoingia yeye. Vile viwili vya mwisho ni vyake mwenyewe. Mimi nilikwisha kuvifuta, akavirudisha.

Kocha wa Louisville, kama hutajali, nitakutumia video ya zile kona faraghani. Na wengine, iwapo kuna anayemjua mwalimu wa makipa anayefundisha ndani ya ukumbi huku Ohio ya kati wakati wa theluji, naomba anielekeze, maana uwanja wetu unafungwa Desemba na gereji yangu haina urefu wa kutosha kupigia krosi.