Tupeane uzoefu: waliosomeshwa na Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko

Binti wa Luanda: Jana nilipita kando ya shule yetu ya zamani, kengele ya Malaika wa Bwana ikagongwa saa sita, nami nikasimama wima barabarani kabla sijakumbuka kwamba nina miaka arobaini na saba na hakuna sista wa kunikemea. Wenzangu, ninyi mmebaki na nini?

Nyar Ahero: Mimi nimebaki na tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, nikiwa kidato cha pili. Nilichaguliwa kusimulia historia ya mwanzilishi mbele ya wageni, na nilikuwa nimeikariri hadi naiota: Mama Kevina, mzaliwa wa Arklow, Ayalandi, mwaka 1875, masista sita walioondoka London Desemba 1902, wakaja kwa meli hadi Mombasa, kwa gari moshi hadi Kisumu yetu hii, kisha wakavuka ziwa na kufika Nsambya, Kampala, nchini Uganda, tarehe 15 Januari 1903, zahanati iliyoanzia chini ya mwembe. Asubuhi ile, kabla ya Misa, yakasomwa majina ya wenye deni la karo, na langu lilikuwa la tatu. Nilimweleza sista wa fedha kwamba mimi ndiye msimulizi; akafunga daftari, akasema atapatikana mwingine. Nikatoka getini na sanduku la bati kichwani, miguuni soksi nyeupe za sikukuu, na nilipokuwa steji nikingoja matatu, kipaza sauti kilinifikishia sauti ya rafiki yangu akieleza kwamba Mama Kevina alifariki mwaka 1957 huko Marekani, alikokuwa akiomba michango kwa ajili ya misheni.

Wa Bweni la Juu: Pole sana, dada. Soksi hizo nazikumbuka. Zilifuliwa kwa majivu.

Mzee wa Kibuye: Poleni, lakini tuwe waadilifu. Niliwahi kufundisha shule ya namna hiyo, na mwenye kutuuzia maharagwe hakupokea rozari badala ya fedha. Pili, msichanganye mashirika. Waliofika 1903 walikuwa Wafransisko kutoka Mill Hill, London. Masista Wadogo, shirika la mabinti wa Kiafrika, Mama Kevina aliwaanzisha Nkokonjeru, hukohuko Uganda, mwaka 1923. Na Masista Wamisionari Wafransisko kwa Afrika ni wa 1952. Anayeandika kwamba Masista Wadogo walifika 1903 amekosea miaka ishirini.

Binti wa Luanda: Mzee wangu, mtoto amefukuzwa siku ya sikukuu, nawe unasahihisha tarehe?

Mzee wa Kibuye: Tarehe nazo zina haki yake, binti yangu.

Wa Bweni la Juu: Dada, siku ya wanafunzi wa zamani ikifika, nenda ukaombe kipaza sauti, uisimulie yote tangu Arklow.

Mjaluo wa Nakuru: Asiende! Watamkabidhi bahasha ya mchango wa bweni jipya.

Nyar Ahero: Niliwahi kwenda, na bahasha nilipewa kweli. Wiki mbili baada ya kufukuzwa, mama aliuza mbuzi wa pekee, akanirudisha mwenyewe kwa miguu tangu steji. Deni lilikuwa shilingi 640. Sista wa fedha aliandika risiti bila kuinua macho, kisha akamkaribisha mama chai yenye maziwa mengi na kumshikia kikombe, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Risiti ile ingali ndani ya Biblia yangu.