Mauser C96 ya mchezoni inalishwa risasi za kila aina, na bado tunatozwa pesa

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira. Mchezo wa vita ambao wengi wetu hapa Kampala tunaucheza umeanza kuuza bastola ya Mauser C96 kama silaha ya nyongeza, nami nikailipia kwa pesa za simu, mbali na bando lililoliwa na upakuaji wake. Nilichouziwa ni sura ya Mauser tu.

Tazameni mpini wake. Umechongwa tarakimu 9 kubwa na kupakwa rangi nyekundu, kana kwamba ni pambo. Mwaka 1916 jeshi la Prussia, dola kuu ndani ya Ujerumani ya wakati ule, liliagiza C96 150,000 zinazotumia risasi za Parabellum za milimita 9, ilhali zile za kawaida zilitumia risasi ya Mauser ya milimita 7.63, na kwa kuwa vitako vya maganda ya risasi hizo mbili vinakaribiana sana kwa upana, askari angeweza kuzichanganya; ndiyo maana ile 9 ikachongwa. Sasa waungwana hawa wamechukua alama ya kuzuia mkanganyiko, wakaiweka kwenye bastola ambayo menyu yao wenyewe inasema ni ya 7.63, kisha wakairuhusu kutumia risasi za .45 (yaani inchi 0.45) zilizookotwa kwa adui mwenye bastola ya Kimarekani ya Colt M1911! Risasi yenye kipenyo cha zaidi ya milimita 11 itapitaje kwenye mtutu wa 7.63? Hata mlinzi wa benki pale Kampala Road hakubali kupewa risasi zisizo za bunduki yake.

Asije mtu kunijibu kwamba kule Shanxi, China, zilitengenezwa C96 za .45. Zilitengenezwa kweli, kuanzia 1929, lakini zile ni kubwa zaidi, na magazini yake (kisanduku cha risasi) inashuka hadi chini ya kinga ya kifyatulio. Hii tuliyouziwa ina muhuri wa Oberndorf, Ujerumani, mji wa kiwanda cha Mauser chenyewe.

Upakiaji nao ni aibu. Risasi zikiisha, mhusika anachomoa magazini kwa chini na kuchomeka nyingine, jambo linalowezekana kwa Schnellfeuer, toleo la C96 la kufyatua mfululizo la miaka ya 1930, si kwa hii. C96 ya kawaida hulishwa kwa juu: klipu ya chuma yenye risasi 10 husimamishwa kwenye mfuo wake, risasi zikasukumwa chini kwa kidole gumba, na klipu ikichomolewa tu, bolti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) huruka mbele na kufunga. Ni kitendo kizuri kukitazama, nao wamekitupa.

Nimewaandikia huduma kwa wateja nikiomba ama warekebishe risasi ama wanirudishie pesa. Nilijibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni ya thamani. Je, kuna yeyote hapa Uganda aliyewahi kurudishiwa pesa aliyolipa kwa simu, na alipitia njia gani?