Zamu yangu kuongoza msafara wa baiskeli Machame Jumapili, nataka niuhamishie TPC. Naomba ushauri

Mnyororo Mkavu: Habari zenu wakuu. Niko Moshi, klabu yetu ya baiskeli hutoka kila Jumapili. Wiki hii naongoza mimi, tuko 14, na njia iliyopangwa ni mjini hadi lango la Machame na kurudi. Mimi nataka twende TPC, tambarare kwenye miwa. Wenzangu wanadai naogopa mlima. Niwaambieje wanielewe? Usiku silali.

Mama Kahawa wa Uru: TPC saa sita mchana mtaungua bure. Machame kuna migomba, kuna kivuli.

Fundi wa Pasua: Kupanda si tatizo, tatizo ni kushuka. Moshi mjini haifiki mita 1,000, lango liko kama 1,800. Mteremko wote huo mtu akibana breki mfululizo rimu inachemka, tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana, achia. Na mkague raba za breki. Kuna mtu aliniletea baiskeli raba zimeisha kabisa, chuma kinasaga rimu, yeye akadhani ile kelele ni vumbi.

Kijana wa Njoro: Mimi Kibosho nilipanda siku moja tu. Nilirudi na Hiace, baiskeli juu ya keria, konda akanitoza nauli mbili 😂

Dada wa Majengo: Mnyororo, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya njia. Machame kuna nini?

Mnyororo Mkavu: Ni mambo binafsi dada.

Dada wa Majengo: Basi na ushauri tukupe wa binafsi gani?

Mnyororo Mkavu: Sawa. Wiki 2 zilizopita nilikwenda kuikagua njia. Wakati wa kushuka, kwenye kona, breki hazikushika, nikamgonga bibi aliyejitwika majani ya ng'ombe. Nilimpa 10,000, akasema nenda mwanangu. Klabuni sijamwambia mtu. Na hela ya chakula nimeshamtumia mama ntilie wa TPC, kwa hiyo Machame haipo tena.

Mzee wa Rau: Angekuwa mama yako mzazi ungemwacha barabarani?

Mnyororo Mkavu: Mzee, sikukimbia. Aliniruhusu mwenyewe.

Kijiwe cha Sheria: Ajali ikijeruhi mtu inaripotiwa polisi, majeruhi anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali. Elfu kumi ya mkononi haifuti hilo.

Kibosho Juu: Hii chai. Mwanzo kaogopa mlima, sasa kuna bibi, kesho tutaambiwa ni mama mkwe. Kiongozi wa watu 14 ashuke Machame na breki mbovu?

Mnyororo Mkavu: Laiti ingekuwa chai. Mzigo ulifumuka, majani yakatapakaa lami nzima. Bibi akakaa palepale chini, akawa anayaokota kwa mkono wa kushoto, wa kulia kaukumbatia tumboni. Nikamfungia mzigo kwa kamba ya mgomba, nikamtwisha. Akaushika kwa mkono mmoja. Na breki nilijua ni mbovu tangu Ijumaa.

Fundi wa Pasua: Huo mkono wa kulia ulivunjika au uliteguka, mdogo wangu. Na wewe ukamtwisha mzigo. Raba nitakubadilishia bure, lakini bibi umwahi leo.

Mnyororo Mkavu: Leo niko kazini hadi saa kumi na moja. Na nikifika wakaniitia watu?

Mama Kahawa wa Uru: Nenda na mtu mzima wa kwenu, ushike jani la isale, la kuombea msamaha. Kwetu Uchaggani aliyekuja na isale hafukuzwi. Kabla ya maneno yoyote, apelekwe hospitali.

Kibosho Juu: Kona ipi? Mjomba wangu anakaa huko.

Mnyororo Mkavu: Nakuandikia pembeni. Mama Kahawa, isale mjini hapa napata wapi?

Mama Kahawa wa Uru: Uzio wangu wote ni isale. Ukitoka kazini pita uchukue.