Mijakaranda bado imechanua, nyie mmeshatundika Krismasi! Haraka ya nini?

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za sikukuu, hili ni jambo lingine kabisa na nimekasirika kwelikweli.

Niko Arusha. Kwa msioujua mji huu, kuanzia mwishoni mwa Septemba mpaka Novemba kuna rangi hapa ambayo huipati mwezi mwingine wowote. Mijakaranda inapukutisha majani karibu yote, inabaki zambarau tupu tangu chini mpaka kileleni. Maua yanaanguka yangali mabichi, ukiyakanyaga yanapasuka "pwa", watoto wakitoka shule wanayachomeka vidoleni wakijidai wamebandika kucha. Mti asili yake Amerika Kusini, sawa, lakini umeshakuwa mwenyeji kuliko wengi wetu tuliokuja mjini kutafuta. Ukipita wiki hizi chache umepita, mpaka mwakani.

Sasa sikilizeni. Kuna duka kubwa mjini, silitaji, sitaki kesi. Mbele ya mlango wao kuna mijakaranda miwili. Jana nimekuta kijana yuko juu ya ngazi ana panga, anafyeka matawi yenye maua, na chini ameshajaza toroli. Nikamuuliza, vipi tena mwanangu? Akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Bosi amesema yanaziba bango."

Bango lenyewe limeandikwaje? KRISMASI NJEMA NA HERI YA MWAKA MPYA.

OKTOBA, wakuu! Kumbukumbu ya Mwalimu, tarehe 14, hata vumbi lake halijatulia!

Nikaingia ndani nimuone huyo bosi. Hayupo, "ametoka kidogo". Nilichokiona huko ndani ni vituko vitupu. Mti wa plastiki umenyunyiziwa pamba eti ndiyo theluji. Nyimbo za kengele zinapigwa zilezile, dada wa kaunta macho yameshamchoka, na bado ana miezi miwili ya kuzisikiliza. Mlangoni mlinzi, mtu mzima mwenye wajukuu, kavalishwa joho jekundu la manyoya na ndevu za pamba, jua la saa nane, jasho linamtiririka mpaka kwenye rungu. Hivi huyu meneja akitaka theluji, si atoke nje asubuhi mawingu yakiwa yamefunguka atazame Kibo, kilele cha Kilimanjaro? Iko pale, bure, haihitaji pamba.

Kinachoniuma hasa ni kwamba hawa watu wanaruka kipindi kizima cha mwaka kana kwamba ni uwanja mtupu. Vuli ndiyo inaingia. Panda huku juu, mlima Meru au kule Kilimanjaro: mvua ya maana ikishapiga, baada ya siku kama kumi hivi mibuni inatoa maua meupe, harufu yake inakufikia kabla hujaliona shamba. Yanadumu siku chache tu. Na sehemu za juu utakuta mbuni huohuo bado una kahawa nyekundu hazijachumwa, nyeupe na nyekundu kwenye mti mmoja. Jioni kumbikumbi wanatoka. Halafu maembe yanaanza kupanda kutoka ukanda wa chini, kwanza yale mabichi ya kijani ya kula na chumvi na pilipili, baadaye ndiyo inakuja dodo yenye shavu la manjano. Na kuelekea Desemba, mijakaranda ikiwa imeshatulia, miti ya mikrismasi nayo inawaka maua mekundu barabarani. Kila kimoja na zamu yake. Hakuna kilichomsukuma mwenzake.

Nyekundu mnayoitaka inakuja! Mmeshindwa kuisubiri wiki sita, mnakata zambarau ili mtundike nyekundu ya plastiki.

Na msiniambie ni mambo ya dini. Mimi ni Mkatoliki, na kanisani hakuna mtu anayekimbia. Mpaka mwisho mwisho wa Novemba padre anavaa kijani. Majilio, yale majuma ya kungoja Noeli, yakianza anavaa zambarau, Dominika ya tatu anaweza kuvaa rangi ya waridi, na wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika hizo zote nne. Kwaya wanafanya mazoezi ya nyimbo za Noeli ukumbini, milango imefungwa. Nyeupe inatoka mkesha wa tarehe 24. Majirani zangu Walutheri nao wana Majilio yao, mishumaa wanawasha mmoja kila Jumapili, hawawashi yote siku ya kwanza wakidai wanakwenda na wakati. Waislamu ndio wana raha zaidi, mwezi usipoandama hakuna meneja wa kuulazimisha.

Halafu hao hao wenye kimbelembele, Krismasi yenyewe ikifika hawaitaki! Tarehe 26 mti unarudishwa stoo, rafu zinajaa madaftari na sare za shule. Kanisani sikukuu ndiyo kwanza imeanza, Epifania ni tarehe 6 Januari. Na sare hazijaisha kununuliwa, utaona mioyo myekundu ya Februari imeshaning'inia. Yaani hawa hawajawahi kuishi mwezi waliomo.

Najua wapo watakaosema "mzee, hiyo ni biashara". Ndiyo, ni biashara, na ya kuiga. Mwaka 1939 kule Marekani wenye maduka walilia kwamba Siku ya Shukrani imeangukia tarehe 30 Novemba, siku za kuuzia Krismasi zitakuwa chache. Rais Roosevelt akaileta tarehe 23. Majimbo kadhaa yakagoma, nchi moja ikala sikukuu moja kwa tarehe mbili, mpaka Kongresi ilipoamua mwaka 1941 kwamba iwe Alhamisi ya nne ya Novemba, basi. Angalau wao walikuwa na sikukuu yao ya kusogeza. Sisi Siku ya Shukrani hatuna, lakini Ijumaa Nyeusi inayoifuata tunayo, na mabango juu!

Wachaga wenyewe, mabingwa wa Krismasi nchi hii, hawapandi basi kurudi kwao Kilimanjaro "kuhesabiwa" mpaka Desemba ishike. Ukiona hata Mchaga hajaanza kupanga safari, wewe unatundika kengele za nini?

(Kazini kwangu kundi la michango ya sherehe ya mwisho wa mwaka limeshafunguliwa. Nimejitoa. Nimerudishwa. Nimejitoa tena.)

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Mdau uliyesema "wazee mna muda mwingi", asante, ninao, na ndio ninaotaka nisiporwe.

Mkuu wa Dar uliyesema kwenu hakuna misimu, kuna joto na joto kali tu: umekosea. Hukumbuki matawi ya mvinje yakipita mitaani Desemba, na sambusa za mkesha? Nawe umeshazoea mti wa kutoka kwenye boksi.

Dada uliyeandika kwamba unafanya kazi duka la namna hiyo na mnaambiwa mpambe mapema au mkatwe posho, pole sana dada yangu. Hasira yangu haiko kwenu wala kwa yule kijana wa ngazi, yeye anatafuta mkate. Ninamtaka anayetoa amri.

Na wewe uliyeniita mchawi wa furaha za watoto, wajukuu zangu ndio wanaochomeka yale maua vidoleni. Jana wamerudi nyumbani wanauliza kwa nini mti umekatwa.

Sasa naombeni msaada wa maana, matusi tumeshamaliza. Mwenye kujua utaratibu wa jiji kuhusu miti ya kando ya barabara ashushe hapa: kibali cha kukata kinatolewa na ofisi ipi, na mwenye duka ana ruhusa ya kugusa mti ambao hakuupanda yeye? Picha ninazo, za kabla na za baada. Mti mmoja wameumaliza, wa pili haujaguswa, na kijana ameniambia ameagizwa arudi Jumatatu asubuhi. Leo ni Ijumaa. PM iko wazi.