PSYC 2301 mtandaoni: wiki 16, wiki 8, darasa la jioni au CLEP?

ZamuYaUsiku (Dallas)

Wakubwa shikamoni, wenzangu habari zenu.

Naomba ushauri kabla sijalipa. Nina miaka miwili na nusu hapa Texas, nilikuja kwa bahati nasibu ya Green Card. Nafanya kazi nyumba ya wazee, naingia saa tano usiku natoka saa moja asubuhi, siku nne kwa wiki. Nataka kusomea uuguzi, ule wa miaka miwili wa chuo cha jamii (community college). Nimepewa orodha ya masomo ya kumaliza kwanza kabla ya kuomba nafasi, na nimeona nianze na saikolojia ya utangulizi, ndiyo hiyo PSYC 2301, maana anatomia naiogopa na sijawahi kukaa darasa la Marekani hata siku moja.

Njia nilizoziona ni hizi. Kuna darasa la mtandaoni la wiki 16, halina saa maalumu, unasoma kwa wakati wako. Kuna hilohilo kwa wiki 8. Kuna la jioni, unakwenda chuoni Jumanne na Alhamisi. Halafu mwenzangu wa kazini anasema niachane na madarasa, nifanye mtihani wa CLEP, ule wa kupata krediti za chuo bila kukaa darasani, siku moja nimemaliza.

Nina mtoto wa miaka minne. Kiingereza cha kuongea hakinisumbui, ila cha kusoma bado nakwenda nacho polepole. Mngekuwa mimi mngechukua lipi?

Mama Mapacha (Minneapolis)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Ulipo ndipo nilipoanzia mimi, zamu ya usiku na watoto wawili wadogo, na sasa huu ni mwaka wa tisa niko wodini na leseni yangu. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Anza na hesabu. Kozi ya krediti 3 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) hupangwa kwa makadirio ya saa 1 ya darasa na saa 2 za kujisomea kwa kila krediti, kila wiki, muhula mzima. Hizo ni saa 9 kwa wiki. Ukiikunja iingie katika wiki 8, kazi ni ileile na vitabu ni vilevile, ila sasa ni saa 18 kwa wiki. Ongeza zamu zako nne, ongeza mtoto, kisha niambie utalala saa ngapi.

Mimi hesabu hii sikuambiwa. Nilichukua ya wiki 8 kwa sababu nilitaka kumaliza upesi. Wiki ya tatu nilikuwa na sura ya ubongo na sura ya usingizi kwa pamoja, majadiliano mawili ya kuandika, na mtihani uliokuwa ukifungwa Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku. Nyumba nzima, chumba chenye mlango wa kufunga kwa ufunguo kilikuwa bafu tu. Nikapindua ndoo nikakaa, kompyuta nikaiweka juu ya kikapu cha nguo. Programu ya mtihani ikanitaka nizungushe kamera: kuta zote nne, juu ya meza, chini ya meza. Meza sina. Nikaonyesha kikapu. Nilipofika swali la 20 hivi, mmoja wa mapacha akaja kugonga mlango akilia, na programu ikaandika kwamba imesikia sauti ya mtu mwingine chumbani. Nilimwandikia mwalimu usiku uleule, akanielewa na hakunifutia mtihani. Lakini sikufumba jicho mpaka asubuhi.

Kozi nikaimaliza na C. Na C hiyo ilinigharimu, kwa sababu nafasi za uuguzi hugombaniwa na sehemu nyingi hupanga waombaji kwa alama za masomo hayohayo ya awali. Nililazimika kurudia saikolojia kabla sijaomba tena. Kwa hiyo ile wiki 8 niliyoiona ni fupi ilinila karibu mwaka.

Kwako wewe nasema wiki 16. Tena muulize mwalimu kabla ya muhula kama mitihani yake inasimamiwa kwa kamera, ujue mapema utaifanyia wapi. Maktaba nyingi zina vyumba vidogo vya kujisomea ambavyo unaweza kuweka nafasi.

Mpita Njia (Oakland)

Habari dada. Nitaitetea CLEP kidogo, maana mimi ilinifaa.

Mtihani wenyewe una maswali kama 95 ya kuchagua jibu, dakika 90. Alama zinakwenda kutoka 20 hadi 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kwa vyuo kutoa krediti 3. Ada ni karibu dola 100, na kituo cha mtihani kinaweza kuongeza yake. Kuna tovuti ya Modern States, wana kozi ya maandalizi ya bure na wamekuwa wakitoa vocha ya kulipia ada kwa anayeimaliza. Ukianguka unasubiri miezi 3 ndipo urudie. Nilijiandaa wiki sita, nikapita.

Kwa bei tu, huku California haina tofauti kubwa. Mkazi analipa dola 46 kwa kila krediti katika chuo cha jamii, kozi nzima ni dola 138. Nilichookoa ni muda.

Mama Mapacha (Minneapolis)

Mpita Njia, wewe ulikuwa unasomea nini?

Mpita Njia (Oakland)

Uhasibu, mama. Saikolojia ilikuwa ya kutimiza idadi tu.

Mama Mapacha (Minneapolis)

Basi hapo ndipo tofauti ilipo. CLEP inakupa krediti bila herufi. Hakuna A, hakuna B. Kwa uhasibu haikudhuru. Kwa mtu anayekwenda kupangwa foleni na wenzake kwa wastani wa alama, A ya saikolojia ni mtaji, na CLEP haimpi mtaji huo. Tena zipo programu za uuguzi ambazo hazipokei CLEP kabisa kwa masomo ya awali. Dada aandike barua pepe kwa ofisi ya uuguzi ya chuo anachokitaka, apate jibu la maandishi. Asiamini la mwenzake wa kazini, na asiamini langu pia.

Mpita Njia (Oakland)

Hilo la foleni sikulijua. Dada, msikilize mama kwanza. Nikingali naamini CLEP ni nzuri kwa wanaosomea mambo mengine.

Mtoto wa Nyarugusu (Louisville)

Dada yangu, nimeguswa na hapo uliposema Kiingereza cha kusoma kinakupunguza mwendo. Mimi ni Mkongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, nikafika Kentucky nikiwa na miaka 19. Nilichukua saikolojia mtandaoni wiki 16 na nilipata A, kwa hiyo nitakueleza nilivyosoma.

Kitabu kwanza. Kuna kitabu cha bure kabisa cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kilicho hapohapo Texas, Houston. Kinaitwa Psychology 2e, kina sura 16. Angalia hiyo hesabu: wiki 16, sura 16. Kwa wiki 8 ni sura mbili kila wiki, na kwa msomaji wa polepole kama sisi hapo ndipo mtu anazama. Walimu wengi wanakitumia. Wengine wanadai kitabu cha kampuni chenye msimbo (access code) wa kufungulia mazoezi ya mtandaoni, na huo msimbo huwezi kununua wa mtumba kwa sababu unatumika mara moja. Kwa hiyo usinunue kitu chochote kabla hujaona mpango wa kozi wa mwalimu wako. Na hata akitumia kitabu cha kulipia, soma cha bure kabla ya muhula kuanza, mada ni zilezile.

Pili, nilikuwa nasoma sura, nafunga kitabu, naandika kwa Kiswahili kila nilichokumbuka, bila kuchungulia. Ndipo nafungua na kuona nilichosahau. Baadaye nikakuta watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba anayejijaribu hivyo anakumbuka zaidi baada ya siku kadhaa kuliko anayerudia kusoma tu. Mimi nilikuwa nafanya kwa sababu ya uhaba wa Kiingereza, kumbe ndiyo njia.

Maneno ndiyo yanayoangusha watu, wazo lenyewe halina shida. Mfano sura ya 6, kuna kitu kinaitwa uimarishaji hasi. Kila mtu anaandika ni adhabu, na kila mtu anakosa. Mimi nilielewa siku nimekaa kwenye gari la mjomba, halijaondoka, lile gari linalia ti-ti-ti-ti kwa sababu sijafunga mkanda. Nikafunga, kelele ikakata. Kesho yake nikafunga kabla halijaanza kulia. Kitendo changu kiliongezeka kwa sababu kilichonikera kiliondolewa. Adhabu hupunguza kitendo. Huu uimarishaji unakiongeza, na hiyo “hasi” maana yake kuna kitu kimeondolewa. Mtihani wa katikati ulikuwa na maswali matatu ya namna hiyo.

Na nikwambie kilichonipa moyo. Nilidhani somo zima ni la Wazungu, Freud na Pavlov na mbwa wake. Sura ya 9 ikamtaja Mary Ainsworth, mtafiti wa jinsi mtoto mchanga anavyoshikamana na mama. Nikafuatilia. Huyu mama, kabla ya majaribio yake maarufu ya Baltimore, alifika Uganda mwaka 1954, akakaa akitembelea akina mama wa Kiganda na watoto wao katika vijiji karibu na Kampala, kisha mwaka 1967 akatoa kitabu juu yao. Kwa hiyo moja ya nguzo za somo hili ilianzia kwenye nyumba za kule kwetu. Niliandika hilo kwenye majadiliano ya darasa na mwalimu akaniomba ruhusa awasomee wanafunzi wa muhula uliofuata. Wewe unalea mtoto wa miaka minne, sura hiyo utaisoma huku ukimwangalia.

Karani wa Fomu (Houston)

Naongeza ya Texas, maana huku kuna mambo yanayouma watu baadaye.

Aliyeanza chuo kuanzia vuli ya 2007 haruhusiwi kuacha zaidi ya kozi 6 katika vyuo vyote vya umma vya Texas akiwa shahada ya kwanza. Kuna misamaha, kama ugonjwa mzito, lakini kwa kawaida ni 6 basi. Ukitoka kabla ya siku rasmi ya kuhesabu wanafunzi haihesabiki. Kwa muhula wa wiki 16 ni siku ya 12 ya masomo. Kwa muhula mfupi inafika mapema zaidi. Kwa hiyo kwenye wiki 8 unaweza kugundua umezidiwa wakati tarehe imeshapita.

Kwa Green Card yako unaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia masomo. Pell ni mmoja wa misaada hiyo, haurudishwi kama mkopo. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395, na anayechukua kozi moja anapata kisehemu. Lakini ukipewa msaada kisha ukaacha kozi zako zote kabla ya asilimia 60 ya muhula, hesabu inapigwa upya na unaweza kudaiwa.

Na hili la mtandaoni wengi hawalijui: kufungua tu ukurasa wa kozi hakuhesabiki kama umehudhuria. Lazima ufanye kitu cha masomo, kutuma kazi, kufanya jaribio au kuandika kwenye majadiliano. Wiki ya kwanza fanya kitu siku ileile ya kwanza.

Upepo wa Kusi (Boston)

Samahani kuingilia. Mimi niko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, naweza kuchukua masomo yangu yote mtandaoni?

Karani wa Fomu (Houston)

Hapana ndugu yangu. Katika zile krediti 12 za kukuhesabu wewe ni mwanafunzi kamili, ya mtandaoni inaingia kozi moja tu, yaani krediti 3, kila muhula. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla hujajiandikisha.

Binti Tanga (Columbus)

Naona la jioni hakuna aliyeligusa. Dada, mimi mtandaoni nilishindwa. Ilifika wiki ya tano sijafungua kitu, hakuna anayeniuliza uko wapi. Muhula uliofuata nikaenda darasani, mwalimu anajua jina langu, nimepata rafiki wa kusoma naye mpaka leo. Wewe unaingia kazini saa tano usiku, darasa likiisha saa tatu unawahi. Shida ni mtoto tu. Kama yupo mtu wa kukaa naye jioni mbili, lifikirie.

ZamuYaUsiku (Dallas)

Nimesoma yote mara mbili, ahsanteni sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nasubiri majibu.

Ofisi ya uuguzi wamejibu kwa maandishi: CLEP kwa saikolojia hawaitumii katika kupanga alama. Kwa hiyo hiyo imetoka. La jioni nilitamani, Binti Tanga umenigusa, lakini wa kumwachia mtoto sina. Dada yangu naye yuko zamu ya mchana na anarudi saa tatu usiku.

Nimejiandikisha wiki 16. Mwalimu amenijibu kwamba kitabu ni kilekile cha bure, na mitihani miwili tu ndiyo ya kamera, mingine haina. Maktaba ya hapa mtaani wana chumba cha vioo, wanakupa kwa saa mbili, nimekwenda kukiona. Majadiliano ni kuandika kabla ya Alhamisi, kisha kujibu wenzako wawili kabla ya Jumapili. Nimemwomba msimamizi anitoe zamu ya Jumatano usiku, amekubali kuanzia mwezi ujao.

Jana kabla ya kwenda kazini nimesoma kurasa kumi za sura ya kwanza. Nimefunga kitabu nikaandika kwa Kiswahili kama alivyosema Mtoto wa Nyarugusu. Nimekumbuka Wundt na maabara yake ya saikolojia ya Leipzig, Ujerumani, 1879, na karibu mistari sita. Mengine yote yamepotea.

Mtoto wa Nyarugusu (Louisville)

Mistari sita kwa siku ya kwanza ni mingi, dada. Mimi nilianza na miwili. Kesho andika tena bila kufungua kitabu kwanza.

Mama Mapacha (Minneapolis)

Na hicho chumba cha vioo, weka nafasi sasa hivi kwa tarehe zote mbili za mtihani. Wiki ya mitihani huwa hakuna hata kimoja.