Tupeane uzoefu: uliwahi kujaribu kumficha Mungu?

Habari za jioni wapendwa. Naanza mimi, msije mkadhani nawatega.

Nilikuwa mhazini wa jumuiya yetu. Kodi ya nyumba ilinibana, na daftari la michango nalishika mimi. Ulipokuja mchango wa ujenzi wa 310,000, nikaandika 130,000. Nikajiambia, wakigundua nitasema kalamu iliteleza.

Hakugundua mtu. Ila tukifika "utusamehe makosa yetu", sauti ilikuwa inanikwama, nachezesha midomo tu. Kisha siku moja nikapewa zamu ya kusoma, somo likawa Yoshua 7. Akani alichukua vazi zuri la Shinari, fedha shekeli 200 na kabari ya dhahabu ya shekeli 50, akavifukia ndani ya hema lake. Kilichonichoma ni lile vazi. Amelitamani mpaka kuliiba, halafu analifukia udongoni, hata kulivaa hawezi! Nilisoma karatasi ikinitetemeka mkononi.

Nani mwingine?

*Binti wa Tanga:* Pole sana ndugu yangu. Mimi nilikuwa na miaka 11, Ramadhani, jua kali. Nikajifungia bafuni nikanywa maji ya kata. Nilivyotoka, bibi akanifuta kidevu kwa upindo wa kanga yake, hakusema kitu. Jioni akanipa tende ya kwanza mimi, kabla ya wakubwa. Nililia mpaka nikashindwa kufuturu. Nilipokuja kusoma Sura Luqman, ile aya ya chembe ya hardali ndani ya jabali, kwamba Mwenyezi Mungu ataileta, nilikumbuka mlango wa bafu na komeo lake.

*Muuza nafaka:* Kopo langu la kupimia nililigonga kitako kikaingia ndani. Miaka miwili. Kila Ijumaa nafunga duka naenda kuswali, kopo nimelifunika kwa gunia. Nilikuwa nalifunika nani asilione?

*Binti wa Tanga:* Mwenye uzi, zile pesa uliishia kuzifanyaje?

Nilimpelekea mwenyekiti daftari nikamwonyesha ukurasa wenyewe. Aliutazama muda mrefu, akaniuliza, "Na muda wote huo ulikuwa unakuja kusali nasi?" Nikashindwa kumjibu. Uhazini nimeukabidhi, narudisha 20,000 kila mwezi. Imebaki miezi mitatu.