Walinipandikiza nywele Istanbul, kisha wakaniacha niuguze kichwa peke yangu

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira. Miezi mitano imepita tangu nifanyiwe upandikizaji wa nywele mjini Istanbul, na utosini nina baka tupu ambalo daktari wa ngozi hapa Dar es Salaam amenieleza kwamba huenda lisiote nywele tena. Upasuaji wenyewe siulalamikii sana. Malalamiko yangu ni juu ya siku zilizofuata, ambazo kliniki ile na wakala wao wa hapa nyumbani walizichukulia kama jambo lisilowahusu, ilhali nilikwisha kuzilipia.

Wakala, ambaye simtaji jina kwa kuwa bado namdai kwa maandishi, alinihakikishia kuwa fedha niliyolipa inajumuisha hoteli, upasuaji na uangalizi wa mwaka mzima. Uangalizi huo ulikuwa chupa ya losheni, shampuu, namba ya WhatsApp na karatasi moja iliyoandikwa kwa Kituruki. Kesho yake baada ya upasuaji muuguzi alinikosha kichwa kwa haraka huku akieleza kwa lugha yake, na mkalimani muda wote alikuwa akizungumza na simu. Usiku huohuo nikapanda ndege kurudi.

Naomba mwelewe kwa nini jambo hili si dogo. Mashina ya nywele huchomolewa moja moja kisogoni kwa kitoboleo chembamba, ambacho kwa kawaida upana wake haufiki milimita moja, kisha hupachikwa katika vijitundu vilivyotobolewa mbele na utosini. Siku za mwanzo shina hilo linashikiliwa na damu iliyoganda tu, na huchukua siku tisa au kumi kabla ya kushika kiasi cha kutong'oka likiguswa. Mtu anayempeleka mgonjwa nyumbani katika kipindi hicho bila maelekezo anayoyaelewa amemwachia kazi nyeti kuliko zote mtu asiyeijua.

Mimi sikuijua. Alfajiri ya siku ya tatu nilisali kama nilivyozoea, nikasujudu, na nilipoinua kichwa nikaona damu kwenye mswala. Kliniki ile imezungukwa na misikiti na inapokea Waislamu kila siku, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kuinamisha kichwa na kugusisha paji la uso chini kunaweza kung'oa mashina ya mbele na kuongeza uvimbe, wala kunikumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kusali akiwa amekaa na kuashiria. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu sentensi moja tu ingetosha.

Siku ya nne uso ulivimba kuanzia paji hadi macho yakaziba. Nikaandika kwenye namba ile, na baada ya saa kumi na moja nikajibiwa kwa neno moja: kawaida. Ni kweli kwamba uvimbe huo hutokea kwa wengi na hupungua baada ya siku chache, lakini nilipaswa kuambiwa kabla, na kuambiwa pia nilale chali huku kichwa kimeinuliwa kwa mito.

Siku hiyohiyo nilisimama chini ya bomba la mvua lenye maji ya nguvu, nikaona damu tena, na kuanzia hapo nikaogopa kugusa kichwa kabisa. Vigaga vikakauka, vikashikamana, na kufikia wiki ya tatu chini yake palikuwa na vipele vya usaha. Ni daktari wa ngozi wa hapa aliyenifundisha kwamba losheni hupakwa kwa kugusisha bila kusugua, ikaachwa nusu saa ilainishe vigaga, kisha maji ya uvuguvugu yakamwagwa taratibu kwa kikombe. Na kwamba baada ya siku ya kumi ndipo vidole, kamwe si kucha, huanza kusugua kwa mduara mwepesi hadi vigaga viishe. Maelezo haya yalimchukua dakika sita, kwa Kiswahili.

Kuna jambo lingine ambalo watu wenye nywele kama zetu wanapaswa kulidai. Shina la nywele za kipilipili hujikunja chini ya ngozi, hivyo ni rahisi kukatwa linapochomolewa, na ngozi nyeusi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuota makovu yanayovimba. Mama yangu ana kovu la namna hiyo sikioni tangu alipotogwa. Hakuna aliyeniuliza habari za ukoo wangu, wala aliyeniambia nichunguze kisogo na kuwahi hospitali nikihisi uvimbe unaowasha.

Nywele zilizopandikizwa zilipoanza kupukutika mwezi wa pili nilikata tamaa, kwa kuwa sikujua kwamba hiyo ni hatua ya kawaida na kwamba huanza kurudi mwezi wa tatu au wa nne. Nilipouliza, mtu wa WhatsApp alinitumia bei ya vidonge vya vitamini.

Baadaye kijana aliyesoma Uturuki alinitafsiria ile karatasi. Karibu kila nilichokosea kilikuwa kimeandikwa humo, isipokuwa habari ya sijda.

Nimemwandikia wakala mara nne nikidai anirudishie gharama za matibabu ya hapa na ahakikishe maelekezo yanatolewa kwa Kiswahili kabla mteja hajalipa. Hajajibu. Jumatatu ijayo nakwenda ofisini kwake Kariakoo na karatasi hiyo mkononi. Yeyote aliyepelekwa Istanbul na wakala wa hapa nyumbani akarudishwa kwa namna hii aandike hapa alipewa maelekezo gani na kwa lugha gani, na kama yuko tayari, tufuatane.